Alhamisi za Bibi Mshauri

Msomaji, bado unaukumbuka ule mkono?

Wiki iliyopita tuliachana mkono wa Bibi Mshauri ukiwa juu ya meza ya mkahawa, pale kwenye uwanja mkuu wa Bratislava, umefunikwa na mkono mpana wa mwanamume ambaye si marehemu mumewe. Mara kengele ya mlango ikalia. Akaingia Bibi Profesa, jirani yake wa mlango wa pili kule Vienna, mwanamke ambaye akijua jambo asubuhi, mchana hata paka wa ghorofa ya nne wanalijadili.

Wewe uliyejiunga nasi leo, vuta kiti nikupe habari kwa ufupi. Bibi Mshauri jina lake ni Edeltraud Wessely, na hajawahi kumshauri mtu yeyote. Marehemu mumewe ndiye aliyekuwa Mshauri wa Serikali. Kwetu Vienna mke huvaa cheo cha mume, na mume akifa cheo hakivuliwi. Mwanawe Konrad, wakili wa miaka hamsini, alimfanyia mama hisani iliyopitiliza: alipochongesha jiwe la kaburi la baba, akachongesha na jina la mama humo humo. "Edeltraud Wessely, Mjane wa Mshauri wa Serikali." Mwaka wa kuzaliwa upo. Mbele yake pameachwa nafasi ya kujazwa atakapokuwa tayari.

Kila Alhamisi Bibi Mshauri huwaaga majirani kwamba anakwenda kupalilia kaburi hilo, na nyumba nzima humsifu kwa uaminifu. Kumbe huyo anapanda treni, baada ya saa moja anashuka Bratislava, nchi ya jirani, kwa Ladislav Hudák, dereva wa tramu mstaafu, mgane, mtu wa masharubu na subira. Na leo subira imemwisha.

"Traudi," alikuwa amemwambia, muda mfupi kabla ya ile kengele, "nimechoka kuwa Alhamisi. Nataka kuwa Jumatatu pia, na Jumapili. Leo kabla hujapanda treni, nijibu. Unaolewa na mimi au huolewi? Kama huolewi, wiki ijayo usije."

Akiolewa, cheo kwaheri. Atakuwa Bibi Hudák, mke wa dereva. Asipoolewa, atabaki na jiwe lake. Swali ndilo hilo, wala hakuna jingine. Na sasa Bibi Profesa alikuwa analijongelea meza kwa meza.

"Bibi Mshauri!"

"Bibi Profesa!"

Wameishi ukuta kwa ukuta miaka thelathini, hakuna aliyewahi kulitamka jina la mwenziwe.

"Mimi nilidhani uko kaburini!"

"Na mimi nilidhani uko kwa daktari wako wa meno, yule wa karibu na kasri la Kaizari!"

Shavu moja la Bibi Profesa lilikuwa limefura kama andazi. Vienna nzima huja Bratislava kutengeneza meno kwa bei rahisi, na Vienna nzima huapa kwamba haijawahi kufanya hivyo.

"Nimekuja kutembea tu," alisema kwa ule upande wa mdomo ambao haujafa ganzi. "Matembezi ya siku moja. Kuvuta hewa." Kisha macho yake yakashuka mezani. "Na huu mkono?"

Sasa mtazame Bibi Mshauri. Angeweza kusema ni rafiki. Angeweza kusema ni binamu. Mtu wa kwingineko angesema hivyo. Lakini mtu wa Vienna akibanwa kwenye kona, silaha yake ni moja tu, nayo ni cheo.

"Huyu ni Daktari," alisema. "Daktari Hudák. Ananipima mapigo ya moyo."

Ladislav alimtazama. Alimtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko adabu inavyoruhusu. Kisha akasogeza vidole viwili hadi kwenye kifundo cha mkono wa mpenzi wake, akainua macho kwenye saa ya ukutani.

"Yanakwenda mbio," alisema. "Ndivyo yanavyokwenda ya watu waongo."

"Daktari na mzaha juu!" Bibi Profesa alishaketi. Alishavua glavu. Alishakunja mkono wa blauzi. "Basi na mimi nipime."

Hakuna aliyemkaribisha, lakini huyo hajawahi kuacha kwenda mahali kwa kutokaribishwa. Ladislav akampima, afanyeje?

"Na jina lako mama ni nani?"

"Bibi Profesa Pokorny."

"Pokorny? Hilo jina la kwetu huku! Maana yake mnyenyekevu."

"Haiwezekani!" Bibi Profesa aling'aka. "Ni jina la Vienna hilo, tangu enzi za Kaizari!"

Na huo uprofesa nao, usije ukadhani ni wa chuo kikuu. Kwetu mwalimu wa sekondari huitwa profesa. Marehemu Pokorny alifundisha vijana kuruka na kubingirika.

Kahawa ikaletwa. Bibi Profesa akaikodolea macho.

"Glasi ya maji iko wapi? Kahawa bila glasi ya maji pembeni! Jamani, enzi tunawatawala hawa, maji yalikuwa yanakuja." Akamgeukia Ladislav, akalegeza sauti. "Si wewe, Daktari. Wewe umesoma. Na wenzako pia ni watu wema, mimi nasema siku zote. Wanatuogeshea wazee wetu."

Ladislav akakoroga kahawa ambayo haikuwa na sukari. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya binti yake Božena, wiki mbili Vienna, wiki mbili nyumbani, na mzee aliyemwogesha hadi siku ya mwisho alikuwa Mshauri mwenyewe. Baba alikuwa akienda kumchukua binti yake mlangoni. Mlango akifungua Edeltraud. Ndiyo asili ya hizo Alhamisi zote.

"Daktari, una mke?" Bibi Profesa aliuliza.

"Alifariki."

"Pole sana," alisema, na uso ukamng'aa hadi kwenye lile shavu bovu.

Bibi Mshauri akaona hesabu ikipigwa mbele ya macho yake. Bibi Profesa, ukiongeza Daktari, unapata Bibi Profesa Daktari! Kibao cha shaba cha mistari miwili mlangoni! Nyumba nzima ingebidi ijifunze kumsalimia upya.

Mwongo alikuwa amechimba shimo, na jirani yake alikuwa analiwekea mapazia.

"Twendeni ngomeni tukatembee," Bibi Profesa alitangaza. "Taratibu. Daktari, nishike mkono, ganzi imenishuka miguuni."

Wakapanda kilima. Mbele walikwenda Bibi Profesa na Ladislav, mkono kwapani. Nyuma alifuata Bibi Mshauri, amebeba mkoba wake, mkoba wa mwenziwe na mwavuli wa mwenziwe. Watalii wa boti ya mchana walimpisha wakidhani ni mtumishi. Mmoja alimwuliza choo kiko wapi.

Juu kwenye ukuta wa ngome, Bibi Profesa alinyoosha kidole ng'ambo ya mto Danube, kule ambako mashine za upepo zinazunguka kwenye mashamba ya Austria.

"Tazama, kwetu kule! Ukiwa hapa hata hujioni uko ugenini."

"Sisi tulikuwa tunapatazama kwenu miaka arobaini ya ukomunisti," alisema Ladislav, "na ukijaribu kuvuka, askari anakupiga risasi."

"Lakini mandhari ilikuwa nzuri hivi hivi, si ndiyo?"

Bibi Profesa akaenda kwenye kibanda kununua sumaku ya kubandika kwenye friji, na wapenzi wetu wakapata nafasi ya kugombana kwa kunong'ona.

"Nitakuwa daktari mpaka lini, Traudi?"

"Mpaka treni ya saa kumi na moja. Laco," akamwita Ladislav kwa jina la mapenzi, "nakuomba. Unamwona alivyo. Akijua, kesho siwezi kushuka ngazi."

"Ukishindwa kushuka ngazi, kaa huku. Kwangu hakuna ngazi, nakaa chini."

"Usinifanyie mzaha."

"Sifanyi mzaha. Jibu langu liko wapi?"

"Subiri kidogo."

"Mimi nasubiri. Lakini huyo mwenzako naona hasubiri."

Kweli hakusubiri. Aliporudi alimvuta Bibi Mshauri pembeni, akamshika mkono kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini.

"Bibi Mshauri, tusifichane. Yule Daktari unamwendea kwa maradhi tu, sivyo?"

"Kwa... ndiyo. Kwa mapigo."

"Basi niachie mimi." Hapo sauti yake ikabadilika, na msomaji, siwezi kukuficha, hata mimi nisiyempenda mwanamke huyu nilimhurumia. "Wewe mambo yako yamekamilika. Una kaburi, una jiwe, jina limeshachongwa. Mimi wangu alitaka achomwe, majivu yake wakayamwaga mtoni na watoto wa shule wakaimba. Mimi sijaandikwa popote. Wewe unataka jiwe na mwanamume pia? Huo utakuwa ulafi."

Bibi Mshauri alitaka kucheka, akashindwa. Wivu ulimchoma. Alimtazama Ladislav pale ukutani, kofia mkononi, nywele nyeupe zinapepea, akajua kwamba akimpoteza mtu yule ataumia, na ataumia siku zote saba za wiki. Lakini kinywa cha Bibi Mshauri ni kinywa cha Bibi Mshauri.

"Mwulize mwenyewe," alisema.

Hata "ni wangu" hakuthubutu!

Stesheni. Treni imeshaingia, milango iko wazi. Bibi Profesa hajamwachia Ladislav mkono tangu ngomeni, na anampa anwani yake, ghorofa, rangi ya mlango na siku anazopika supu ya maini. Ladislav anamtazama Edeltraud juu ya bega la mwanamke huyo. Macho yake yanauliza lile lile swali. Edeltraud anatazama saa, anatazama viatu, anatazama bango la matangazo ya vitanda.

Ndipo akatokea mwanamke wa makamo anakimbia, boksi la karatasi mkononi.

"Jamani nimechelewa! Foleni ya duka la mikate ilikuwa ndefu! Shikamoo mama Traudi, vimkate vyako vya mbegu za mpopi hivi hapa, bado vya moto."

Bibi Profesa aligeuka taratibu.

"Ngoja kwanza. Wewe si Božena? Si wewe uliyekuwa unamwogesha Mshauri?"

"Ndiye mimi. Shikamoo, Bibi Profesa."

"Sasa Daktari unamjuaje?"

"Daktari gani?"

"Huyu hapa!"

Božena alimtazama baba yake, akatazama kushoto na kulia kama kuna mwingine.

"Huyu ni baba yangu. Baba ameendesha tramu maisha yake yote. Baba, nani kakupa udaktari?"

Ladislav alimwonyesha Edeltraud kwa kidevu.

Mkono wa Bibi Profesa ukachomoka kwapani mwa Ladislav. Alijitazama kiganja, akakifuta kwenye koti.

"Tramu!" alisema. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha upande mmoja kwa sababu ya ganzi, na kilitisha zaidi kwa kuwa nusu. "Tramu! Na mimi nikashikwa mapigo! Bibi Mshauri, kumbe kaburi unalopalilia lina masharubu! Mjane mwaminifu! Kesho nyumba nzima itajua. Nitaanzia ghorofa ya chini nipande nayo. Na utaitwaje sasa, mwenzangu? Bibi Tramu?"

Kipenga kikalia. Watu wa behewa la karibu walikuwa wameganda dirishani.

Na hapo, kwa kuwa hakuna tena cha kuficha, Edeltraud Wessely akapata ujasiri.

"Ndiyo," alisema kwa sauti ambayo stesheni nzima iliisikia. "Ni dereva wa tramu. Na mimi nitaolewa naye. Waambie wote. Na ukishamaliza, waambie hayo meno umeyatengenezea wapi."

Bibi Profesa aliufunga mdomo wake kwa mkono, akarukia behewani. Edeltraud akamgeukia Laco, uso umemwiva kwa fahari, mkono usio na boksi ameutanua. Alingoja kukumbatiwa.

"Hapana," alisema Laco.

"Hapana nini?"

"Hapana, Traudi. Asubuhi nilikuuliza mkahawani, tukiwa wawili, hukunijibu. Ngomeni nikakuuliza, ukasema subiri. Umesema ndiyo baada ya kukamatwa." Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi. "Mchana kutwa umetembea na mimi nikiwa mtu mwingine, na ulikuwa na amani. Yule daktari hukumwonea haya. Basi mtafute, uolewe naye."

Akavaa kofia yake, akashuka ngazi za stesheni kuelekea kituo cha tramu. Hakugeuka.

Milango ya treni ilianza kupiga kelele ya kufungwa. Edeltraud alisimama katikati, boksi la vimkate kifuani. Upande mmoja nyumba, kibao cha shaba chenye cheo chake, jiwe lenye jina lake. Upande wa pili mgongo wa mwanamume.

"Panda, mwenzangu!" Bibi Profesa alimwita kutoka mlangoni, na ajabu ni kwamba alikuwa anamwita kweli, kwa huruma kabisa. "Panda twende nyumbani. Nitawaambia watu wachache tu!"

"Mama Traudi," Božena alisema chini chini, "baba hakasiriki haraka, na akikasirika hapoi haraka. Lakini tramu ile haimsubiri mtu. Ni yeye mwenyewe aliyewafundisha madereva hivyo."

Treni ikafunga milango. Ikaondoka na Bibi Profesa, na mikoba yote miwili!

Ndiyo, msomaji, yote miwili. Bibi Mshauri alikuwa ameitua kwenye ngazi ya behewa ili apokee vimkate. Funguo za nyumba, kitambulisho, unga wa uso, vyote vilikwenda Vienna. Alibaki na boksi na simu mfukoni mwa koti.

Akakimbia. Mjane wa Mshauri wa Serikali alikimbia hadharani, viatu vya kisigino, kofia upande. Laco alikuwa ameshapanda kwa mlango wa mbele. Edeltraud akajipenyeza kwa mlango wa nyuma, ukamfungia ncha ya koti, tramu ikaondoka naye.

"Laco!"

Alisimama mbele kabisa, nyuma ya dereva, ameshika bomba la chuma. Shingo yake ilisikia lakini haikugeuka.

"Laco, nimekosa treni!"

"Kuna nyingine baada ya saa moja," alisema kwa dirisha.

"Na hiyo nitaikosa!"

Abiria wakatega masikio. Wazee wa mji ule hudai hawajui Kijerumani, mpaka uanze umbea.

Ndipo simu ikalia mfukoni. Edeltraud akaitoa, akaona jina la Konrad. Kila Alhamisi mwanawe humpigia saa kama hii, humwuliza, "Mama, uko wapi?" naye hujibu, "Kwa baba yako, mwanangu." Miaka miwili, jibu ni hilo hilo.

Akapokea.

"Mama, uko wapi?"

Laco aligeuza shingo kidogo. Kidogo tu.

Edeltraud alifungua kinywa. Jibu la zamani lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lakini Konrad hakungoja.

"Mama, leo ni siku ya kuzaliwa ya baba, umesahau? Nimetoka kazini mapema nije tukae wote. Niko hapa kaburini. Wewe hupo. Nimeuliza mlinzi, anasema hajakuona tangu tumzike. Magugu yamenifika magotini, hata jina lako halisomeki! Mama? Hiyo kelele ni nini? Uko wapi?"

Tramu nzima ilikuwa imeacha kupumua. Mama mmoja alikuwa amemzimia mumewe redio.

"Niko ndani ya tramu, Bratislava," alisema Edeltraud. Hakunong'ona. "Nimemfuata mwanamume ambaye leo nimemwonea haya, na sasa najionea haya mwenyewe. Anaitwa Ladislav. Si daktari. Konrad, maadamu uko hapo, mwambie baba yako asinisubiri."

Upande wa pili mlango wa gari ukasikika ukifungwa kwa nguvu.

"Usishuke hapo ulipo!" Konrad alifoka. "Nakuja!"

Simu ikakatika. Edeltraud aliinua macho. Laco alikuwa amemgeukia kabisa sasa, na masharubu yake hayakueleza lolote. Akanyoosha kidole, akabonyeza kitufe. Tramu ikapunguza mwendo, ikasimama, milango ikafunguka.

Laco akashuka. Akasimama barabarani, akamtazama mwanamke aliyekuwa mlango wa nyuma bila funguo wala cheo. Mkono mmoja ulikuwa mfukoni. Ule mwingine ulikuwa nje, na bado ulikuwa haujaamua ufanye nini.

Kengele ya milango ikaanza kulia.